Bibi Harriet Powers na Blanketi la Viraka Lililouzwa kwa Dola Tano

Kurasa nyingine za kijitabu hiki zimejaa habari zetu wenyewe: hisa, mikopo, marejesho na picha za maonyesho. Ukurasa huu ni wa mtu mwingine. Kamati iliomba yaandikwe maisha ya mwanamke mashuhuri wa zamani, na majina mengi yalitajwa, ya malkia na ya waimbaji. Mimi nikamtaja mshona viraka. Jina lake ni Harriet Powers, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani mwaka 1837 akafariki mwaka 1910. Kazi zake zinazojulikana kuwa zimebaki ni mbili tu, na zote mbili zimehifadhiwa katika makumbusho makubwa ya nchi yake. Moja kati ya hizo aliiuza kwa dola tano.

Nimemchagua kwa sababu sisi tunaokusanya mabaki ya batiki na vitenge kwa mafundi cherehani tunayajua maneno ya watu. Mtu anakuona umebeba mfuko wa vipande, anakuuliza matambara hayo unayapeleka wapi. Halafu siku ya maonyesho yule yule anashika blanketi, analigeuza mbele na nyuma, anasifu weee, kisha anataja bei ambayo hata uzi hailipi. Bibi Harriet aliyapitia hayo kabla yetu, tena akiwa na shida kubwa kuliko za wengi wetu.

Kwa wasomaji wetu ambao hawashoni, niseme kidogo. Blanketi la viraka, ambalo lina udugu na kile wazee wa pwani walichokiita mfarishi, lina matabaka matatu. Juu kuna uso wa vipande vya nguo, katikati kuna pamba ya kuleta joto, na chini kuna kitambaa kizima cha kushikilia. Yote matatu hupigwa bandi kwanza, kisha hushonwa pamoja kwa mishono midogo midogo inayotokea upande wa pili, ili pamba isikimbilie kona moja. Ule uso wa juu unaweza kutengenezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuunga kiraka kwa kiraka, ukingo kwa ukingo, kama tunavyofanya wengi hapa. Ya pili ni kukata maumbo, mtu, ng'ombe, nyota, jua, ukayabandika juu ya kitambaa kikubwa na kuyashona pembeni. Harriet alizijua zote, ila sifa yake ni hiyo ya pili. Alikuwa anasimulia hadithi kwa mkasi.

Alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1837 katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, jirani na mji unaoitwa Athens. Nchi ile ilikuwa nchi ya pamba, na pamba ile ilikuwa kazi ya watumwa. Tusidhani habari hizo ziko mbali nasi sana. Kabla ya mwaka 1861 pamba iliyochumwa na watumwa wa majimbo ya kusini ilipelekwa katika viwanda vya kaskazini, huko Massachusetts, ikafumwa kitambaa kigumu kisichopaushwa, na merikebu kutoka Salem zikakileta mpaka Unguja. Ndiyo merikani ile ile, ambayo watu wa zama hizo waliivaa na misafara ikaibeba hadi bara na kuitumia kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowaka Marekani shehena zikapungua, vitambaa vya Uingereza na India vikashika soko. Lakini kumbe kabla ya hapo kazi ya mikono ya akina Harriet ilikuwa imekwisha kuvaliwa huku kwetu, bila wao kujua na bila sisi kujua.

Utoto wake haukuandikwa sana, kwani mtoto wa mtumwa alihesabiwa pamoja na mali. Sheria ya Georgia ya mwaka 1829 ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika. Kwa miaka mingi waandishi walimtaja Harriet kama mama asiyejua kusoma. Kumbe siyo. Mwaka 2009 mtafiti Kyra Hicks alitoa kitabu kilicholeta habari ya barua ya Harriet mwenyewe ya mwaka 1896, ambamo alieleza kwamba alijifunza kusoma angali mtumwa kwa msaada wa watoto wa Kizungu. Katika barua hiyo alieleza pia kwamba alikuwa ameshona mablanketi mengine, zaidi ya yale mawili yanayojulikana. Hayo mengine yamepotea. Labda yalichakaa kitandani, maana ndiyo kazi ya blanketi.

Mwaka 1855, akiwa na miaka 17 au 18, aliolewa na Armstead Powers. Walipata watoto wasiopungua tisa. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865 alikuwa mama wa nyumba mwenye umri wa miaka 27, hana shamba, ana watoto, na uhuru mkononi.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa maana bila kuueleza ule uchumi hatutaelewa kwa nini blanketi liliuzwa. Wakulima weusi walioachwa huru hawakupewa ardhi. Wengi walilima mashamba ya wengine kwa kugawana mazao, au walikodi. Mbegu, unga, nyama na vyombo walichukua dukani kwa mkopo, na dhamana ilikuwa mavuno ambayo bado hayajaota. Riba ilikuwa kubwa. Mwenye duka ndiye aliyeandika daftari, na mwenye daftari ndiye aliyejua deni limefikia wapi. Ilianzishwa benki ya akiba kwa ajili ya watu walioachwa huru, mwaka huo huo wa 1865, ikafungua matawi katika miji mingi ya kusini. Watu wakaweka senti zao. Mwaka 1874 benki ile ikafungwa, na watu zaidi ya 60,000 wakakuta fedha zao zimo ndani ya mlango uliofungwa. Wengine walirudishiwa sehemu tu, wengine hawakupata kitu. Mama mweusi wa shambani aliyehitaji dola tano mwaka wa njaa angekwenda kwa nani? Kwa mwenye duka. Na mwenye duka kwanza alitazama shamba.

Pamoja na hayo yote Harriet na Armstead walijitahidi wakapata ardhi. Katika miaka ya 1880 walikuwa na ekari nne zilizo mali yao. Kwa waliozaliwa wakiwa mali ya mtu, ekari nne si jambo dogo.

Ni katika miaka hiyo ya unafuu ndipo Harriet alipeleka blanketi lake katika maonyesho ya pamba ya Athens, mwaka 1886. Yalikuwa maonyesho kama ya Nane Nane, ya mifugo, mazao, maandazi na kazi za mikono. Blanketi lilikuwa na picha 11 kutoka katika Biblia, zimepangwa mistari mitatu. Upana wake ni kama mita mbili na robo, na urefu unakaribia mita mbili. Vipande vilivyotumika vinakaribia 300. Baadhi vilishonwa kwa mkono na vingine kwa cherehani, jambo linaloonyesha kwamba ndani ya nyumba ile palikuwa na cherehani au walau njia ya kuifikia.

Katika maonyesho hayo alipita mwanamke mmoja wa Kizungu, Bi. Jennie Smith, mchoraji aliyesomea sanaa hadi Paris na aliyekuwa akifundisha uchoraji katika shule ya wasichana mjini hapo, Lucy Cobb Institute. Aliliona blanketi, akasimama. Watu wengine walikuwa wanatazama viraka vya miraba na pembetatu, vinavyolingana kama sabuni, na hapa kuna kitu ambacho hakijawahi kufanana na kingine. Alimtafuta mwenyewe kwa taabu hadi akampata, akataka kununua. Harriet akakataa. Hakutaja bei, alikataa kuuza kabisa.

Miaka ikapita kama minne. Mambo ya shamba yakabadilika. Bei ya pamba ilikuwa inashuka, na kufikia mwaka 1894 ratili moja ilifika senti tano hivi. Harriet akatuma ujumbe kwa Jennie kwamba sasa yuko tayari kuuza. Safari hii Jennie ndiye aliyekuwa hana fedha. Mwaka wa pili yake, mnamo 1890 au 1891, Jennie akatuma neno kwamba kama lipo bado atalichukua.

Alichoandika Jennie kuhusu siku ile kimehifadhiwa, nami naeleza kwa maneno yangu. Harriet alifika mchana mmoja mbele ya nyumba kwa gari la kukokotwa na ng'ombe, mumewe yuko pamoja naye. Blanketi alikuwa amelipakata mapajani kama mtoto. Lilikuwa ndani ya mfuko safi wa unga, na mfuko wa unga umetiwa tena ndani ya gunia. Akataka dola kumi. Jennie akamwambia anazo tano tu. Harriet akatoka nje akashauriana na mumewe, na mume akaona kwa jinsi hali ilivyo ngumu ni heri wazichukue. Akarudi ndani akazichukua.

Hebu tupige hesabu tunayoijua sisi. Dola tano ni senti 500. Ukizigawa kwa vipande karibu 300 unapata chini ya senti mbili kwa kila kipande, na humo ndani mna kukata, kupanga, kubandika, kushona pembeni, pamba ya kati, kitambaa cha chini na uzi wote. Ubunifu sijauhesabu. Nusu ya bei aliyoomba mwenyewe, na aliyoomba ilikuwa ndogo tayari.

Lakini Harriet hakutupa blanketi mezani na kuondoka. Kabla ya kuliacha alikaa akalieleza, picha moja baada ya nyingine, zote 11, na Jennie akaandika. Tena baadaye alirudi mara kadhaa kulitazama tu, kama mtu anayekwenda kumjulia hali binti aliyeolewa mbali. Kilichompoza roho kidogo, kwa maelezo ya Jennie, ni ahadi kwamba atawekewa mabaki yote ya vitambaa vya nyumba ile. Mshonaji yeyote wa kikundi hiki anaelewa furaha hiyo na huzuni hiyo kwa pamoja. Umeuza kazi yako bora kwa bei ya kutupa, na bado mfuko wa vipande vipya unakufanya uanze kuwaza la kushona kesho.

Watu wameandika mengi kumlaumu Jennie, na wengine kumsifu. Maoni yangu ni kwamba bei ilikuwa mbaya, hilo halina ubishi, na aliyekuwa na nafasi ya kungoja alikuwa yeye, si mwenye blanketi. Hata hivyo alichukua kalamu. Mablanketi ya wanawake weusi wa wakati ule yalikuwa maelfu, na karibu yote hayana jina la mshonaji. La Harriet lina jina na maelezo yake kwa sababu alipata nafasi ya kuyasema na yakaandikwa. Katika vikundi vyetu tunaandika nani kakopa na nani karejesha, jambo zuri, ila kazi tunaziuza bila hata karatasi ndogo yenye jina la aliyeshona. Nalisema hili kwa kuwa katika miaka kumi yetu sisi wenyewe nimeona nzuri nyingi zikienda hivyo.

Sasa tulitazame blanketi lenyewe. Picha ya kwanza ni Adamu na Hawa katika bustani ya Edeni wakiwataja wanyama majina. Yumo tembo, yumo ngamia, yumo mbuni. Kichekesho ni kwamba mnyama pekee aliyepewa miguu ni yule ambaye sote tunajua hana, yaani nyoka. Baadhi ya watu hudhani Harriet alikosea. Mimi nasema msomaji wa Biblia anakumbuka kwamba nyoka aliambiwa atakwenda kwa tumbo baada ya kumdanganya Hawa, siyo kabla. Halafu kuna Kaini anamwua Abeli, kuna ndoto ya Yakobo na ile ngazi, kuna ubatizo wa Yesu na njiwa akishuka, kuna Karamu ya Mwisho, kuna msalaba. Yuda Iskariote amewekwa pamoja na vile vipande thelathini vya fedha, vimekatwa mviringo kimoja kimoja. Watu wake hawana macho wala midomo, ni vivuli vya kitambaa, lakini namna mkono ulivyoinuliwa na mwili ulivyopinda unajua huyu anaomba na yule anakimbia.

Wataalamu wa sanaa wamefananisha maumbo hayo na vitambaa vya Wafon wa Abomey, nchi ambayo leo ni Benin, ambako mafundi wa mfalme walikata simba, meli na silaha kwa nguo za rangi na kuzishona juu ya kitambaa kikubwa. Watumwa wengi walichukuliwa pwani ile. Ukiviweka pamoja, mfanano unashangaza, ingawa Harriet mwenyewe alizaliwa Georgia na hadithi zake alizipata kanisani na kwa wazee wake.

Rangi zimefifia. Kilichokuwa chekundu cha tikiti maji sasa kinaelekea kahawia. Hapa nitoe neno la fundi: kipande chochote cha batiki, hata kama ni kizuri namna gani, kifue kwanza peke yake na kikauke juu ya kitambaa cheupe. Kikichuja, usikiweke karibu na cheupe. Kiraka kimoja kinachochuja kinaharibu kazi ya miezi miwili.

Mwaka 1895 yalifanyika maonyesho makubwa ya kimataifa mjini Atlanta, yale ambayo Booker T. Washington alihutubia siku ya ufunguzi. Palikuwa na jengo maalumu la kazi za watu weusi, na humo blanketi la Biblia likaonyeshwa. Baada ya hapo ndipo tunapata habari za blanketi la pili. Inaelezwa kwamba akina mama wa Chuo Kikuu cha Atlanta walihusika kulipata, na mwaka 1898 likatolewa zawadi kwa Mchungaji Charles Cuthbert Hall, mkuu wa chuo cha dini cha Union kilichoko New York.

Hilo la pili lina picha 15, na kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi kwa mawazo. Humo Harriet amechanganya Biblia na mambo yaliyotokea kweli. Ipo siku ya giza ya tarehe 19 Mei 1780, ambapo kaskazini mwa Marekani mchana uligeuka usiku kwa sababu ya moshi wa misitu iliyoungua. Upo usiku wa tarehe 13 Novemba 1833, vimondo viliponyesha kama mvua na watu wakadhani ni kiama. Harriet alikuwa hajazaliwa, bado miaka minne, lakini wazee walizihesabu siku zao kwa usiku ule, huyu alizaliwa kabla ya nyota kuanguka, yule baada. Ipo Alhamisi ya baridi kali ya mwezi Februari 1895. Katika picha hiyo mwanamke ameganda akiwa anaomba, mwingine ameganda langoni, mwanamume ameganda na mfuko wake wa unga, pumzi ya nyumbu imegeuka barafu, na mwanamume mmoja ameganda akiwa na mtungi wake wa pombe. Huyo wa mwisho nadhani Harriet alicheka kidogo alipokuwa anamshona.

Yupo pia nguruwe jike aitwaye Betts, aliyekimbia maili 500 kutoka Georgia hadi Virginia. Harriet amemweka katika picha ya matajiri ambao hawakufundishwa habari za Mungu. Wapo wanaoamini kwamba nguruwe huyo anayekimbilia upande wa kaskazini ni fumbo la watumwa waliotoroka. Ukijua kwamba barabara ya kukimbia utumwa ilielekea huko huko, huwezi kulipuuza wazo hilo.

Ipo picha moja ya Harriet, iliyopigwa miaka hiyo ya mwisho ya karne. Amesimama amevaa aproni aliyoishona nyota na alama nyingine kwa njia ile ile ya kubandika. Uso hauna tabasamu. Wakati huo nyumba yake ilikuwa imekwisha kutikisika. Zile ekari nne walizozipata kwa jasho zilikuwa zinauzwa kipande kwa kipande katika miaka ya 1890, na katikati ya miaka hiyo Armstead aliondoka akamwacha shambani. Harriet hakuolewa tena. Aliendelea kuishi karibu na Athens, maisha ya kujibana, hadi tarehe 1 Januari 1910 alipofariki akiwa na miaka 72. Alizikwa katika makaburi ya Gospel Pilgrim, makaburi ya watu weusi wa mji huo, na baada ya muda majani yakaota, watu wakasahau kaburi liko wapi.

Blanketi lilibaki kwa Jennie Smith hadi alipofariki mwaka 1946. Aliyesimamia mirathi yake akalichukua, na mwaka 1968 likatolewa kwa taasisi ya Smithsonian huko Washington, ambako liko katika makumbusho ya historia ya taifa. La pili lilikuwa limeingia katika makumbusho ya sanaa ya Boston mwaka 1964. Ndiyo kusema lile lililobebwa ndani ya mfuko wa unga leo linahifadhiwa gizani, kwa joto linalopimwa, na wanaoligusa huvaa glovu.

Mwaka 1992 ulizuka ugomvi. Smithsonian ilitoa kibali kwa kampuni moja itengeneze nakala za mablanketi yake ya zamani, likiwemo la Harriet, na nakala hizo zikashonwa China kwa ujira mdogo, zikauzwa Marekani kwa njia ya posta. Washonaji wa viraka wa Marekani walipandisha hasira. Walikusanya sahihi, wakaandamana, wakasema kazi yao inashushwa thamani na taasisi ile ile inayopaswa kuilinda. Mimi nilipoisoma habari hiyo niliwafikiria pia wale akina mama wa China, waliokaa kwenye mashine siku nzima wakinakili nyoka mwenye miguu. Nao walilipwa kwa kipande.

Mwezi Januari mwaka 2005 jiwe la kaburi lilipatikana katikati ya vichaka vya Gospel Pilgrim, lina jina la Harriet na la Armstead. Mwishoni mwa mwaka 2021 makumbusho ya Boston yaliandaa maonyesho ya mablanketi ya Marekani, na Washington ikakubali kuliazima lile la Biblia. Kwa mara ya kwanza mablanketi yote mawili yalitundikwa mahali pamoja, watu wakaweza kusimama katikati na kugeuza shingo, upande huu Adamu na Hawa, upande huu Betts anakimbia.